Kifo cha Swali la Saba

Dada Tjitske,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha Swali la Saba, lililofariki Jumanne mkutanoni, kabla keki haijakatwa.

Lilikuwa kwenye hojaji ya utafiti wa afya ya wazee, ile niliyopewa kuitafsiri kwa lugha yetu ya Kifrisia. Liliuliza: "Ukizidiwa, una mtu wa kumpigia simu?" Nililitafsiri vizuri, ukiniruhusu kujisifu. Lakini kila mzee huulizwa mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Swali likiwa zima, jibu halibadiliki.

La Baba, niliyemuuliza mwenyewe, lilibadilika. Mara ya kwanza alicheka: "Ninaye. Si wewe hapo ng'ambo ya mfereji, au umehama?" Mara ya pili alikuwa na bandeji mkononi, anakoroga kahawa. "Sina. Andika, mwanangu, usinitolee macho."

Mkutanoni Daktari Hidde, mkuu wa utafiti, hakushtuka. "Mzee mmoja tu, Sjoerd. Swali libaki."

"Tafsiri yangu ni mbovu," nikasema. "Lifute."

"Wewe? Si juzi tu ulikuwa unairingia!" Lakini akalifuta.

Baba anapata nafuu. Ukimpigia atakwambia aliteleza uani, akaokotwa na dereva wa lori la maziwa. Zaidi ya hapo hatasema, unamjua.

Huko Kanada theluji imeanza?

Siku aliyoteleza, Baba alinipigia mimi kwanza. Nililiona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi, maana kwenye televisheni mbio za kuteleza kwenye barafu zilikuwa zimebakiza mzunguko mmoja.

Mdogo wako,
Sjoerd