Bibi Kamera wa Mbagala

Mwanza, 3 Juni 2025

Mama, shikamoo. Natumaini hujambo, na Rukaiya hajambo. Huku sie wazima, mkweo anakusalimu.

Mama, nimetumiwa video. Umelala kifudifudi pembeni ya goli, baibui limejaa vumbi, kamera usoni, na vijana wanapiga kelele, "Bibi Kamera! Bibi Kamera!" Imefika mpaka ofisini. Mtu akaniuliza, "Huyu si mama yako?" Nikakosa pa kuuficha uso.

Una miaka sitini na tano, mama. Watu watasema tumekutelekeza. Pesa za zamu yako ya upatu ungeezekea jiko, wewe ukaenda Kariakoo kununua kamera ya mtumba! Rukaiya adake mipira yake golini, simkatazi mwanangu. Lakini wewe naomba ukae nyumbani upumzike.

Mwanao, Marijani

Mbagala, 5 Juni

Marahaba, mwanangu. Sie hatujambo. Magoti tu yananiuma nikiinuka, na sababu umeshaiona.

Hiyo video nami ninayo. Aliyeichukua mkono unamtetemeka, akija nitamfundisha. Nalala chini kwa sababu ukimpiga golikipa umesimama, anaonekana kama kapandwa ardhini. Ukilala, akiruka unaona anga chini ya viatu vyake. Nilikuja kulijua hilo baada ya kuharibu mechi nzima na kupata mabega ya watu na mbwa mmoja. Refa aliniambia nisogee, nikasogea hatua mbili. Vijana wakiniita Bibi Kamera naitika, tena siku hizi wananishikia nafasi.

Unataka niache. Siachi. Nimepika, nimelea, nimemuuguza baba yako mpaka Mungu alipomchukua, na hamkunisikia nikinung'unika. Leo nimepata jambo linalonifurahisha, anayenikataza ni mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Nakutumia picha tatu za mwanao. Zitazame kwanza, ndipo useme.

Mama yako

Mwanza, 6 Juni

Mama, shikamoo. Picha nimezipata. Lakini tatizo si picha, mama, tatizo ni heshima. Nimeongea na Hija, binamu yangu, atapita hapo aichukue kamera akaiuze. Nitaongezea, tuezeke jiko.

Mwanao, Marijani

Mbagala, 15 Juni

Marahaba. Hija alikuja. Nikampa chai na maandazi, akala akashiba, nikampiga picha andazi likiwa mdomoni, akaondoka mikono mitupu.

Sasa nisikilize. Jana Rukaiya kadaka penalti. Hata vumbi hajajipangusa, ananiuliza, "Bibi, umeipata? Mtumie baba."

Nikaizima kamera. Zile tatu nilizokutumia, hukuuliza lolote. Ile ya katikati analia, hukuuliza analilia nini. Alifungwa manne siku ile, Marijani, na jioni ulipopiga simu ukaniuliza habari za bati. Tangu uhamie huko na mke wako mpya, mwaka wa pili huu, hujakanyaga hapa. Mtoto wako unamwona kwa jicho langu tu, na jicho lenyewe ndilo unalotaka kuliuza. Nimekasirika, na sifichi.

Basi sikutumii tena hata moja. Kamera ninayo, mtoto ninaye, na uwanja uko palepale nyuma ya soko ulipokuwa ukichezea wewe. Ukimtaka, njia unaijua.

Mama yako

Mwanza, 22 Juni

Mama, shikamoo. Mnaendeleaje? Mbona kimya? Nasikia timu ya Rukaiya imeingia fainali, ni kweli? Nitumie picha japo moja.

Mwanao

Mwanza, 29 Juni

Mama, shikamoo. Najua unasoma, tiki za buluu naziona. Hija nimemwambia asikusumbue tena.

Jana nilimpigia Rukaiya nikampa pole kwa yale mabao manne. Akasema, "Baba, hayo ya zamani." Kisha akaniambia nisubiri, viatu vyake vimeanikwa na mvua inakuja. Hakurudi kwenye simu. Nilikaa nimeishika hadi ikakatika yenyewe. Mama, nimeumia.

Nijibu basi.

Mwanao

Mbagala uwanjani, 5 Julai

Mama, shikamoo. Usishtuke. Nimeshuka kwenye basi asubuhi, nikaja moja kwa moja na begi langu. Nipo nyuma ya goli la Rukaiya, nimevaa shati jeupe. Ameshaokoa mipira miwili, sauti imenikauka kwa kupiga kelele. Nakuona umelala. Sikuiti, usije ukakosa.

Mwanao

Uwanjani, mapumziko

Marahaba. Hilo shati jeupe linang'aa nyuma ya goli, umeshaniharibia picha mbili. Toka hapo. Njoo huku, lala chini.

Mama yako