Hatupandi Gari la Kivuti

Ishiara, 9 Februari 1987

Mpendwa Njura,

Mama anakusalimu, nami nakusalimu. Kile kikohozi kilikwisha? Sisi tunapumua, ila goti la Mama limevimba, na nataka umjue aliyelivimbisha.

Alhamisi tulikuwa tunarudi sokoni na pikapu ya Baba Mdogo Kivuti, Mama mbele, mimi nyuma na magunia pamoja na majirani. Kwenye mteremko wa mto akasimama. Akauliza tena habari ya shamba la chini, lile alilotuachia marehemu Baba. Nikamjibu kama siku zote, kwamba haliuzwi wala hatumpi.

“Basi shukeni,” akasema. “Mtapanda siku mtakapojua gari ni la nani.”

Mama akamwambia, “Kivuti, mimi ndiye niliyekupikia ukisoma.”

“Shuka, shemeji.”

Majirani wakatazama miguu yao. Tulitembea saa tatu, na kila tukipumzika Mama alisema amechoka kidogo tu.

Usinitumie pole. Nimekaa nikajiuliza, huyu mtu ametushika kwa nini? Kwa gari tu. Mapipa ya maji analeta yeye, mahindi kinuni anapeleka yeye, ndengu sokoni, Mama zahanati, hata kanisani tunangoja honi yake. Nitaviondoa kimoja kimoja mpaka asiwe na kitu cha kutunyima. Kisha nitamtazama.

Dada yako,
Wambeti

Majengo, Meru, 20 Februari 1987

Dada Wambeti,

Natumaini goti linashuka. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisomea dukani, nikampimia fundi misumari ya mabati badala ya ya mbao, na mwenye duka akanigombeza mbele ya watu.

Sikiliza. Kuna Datsun inauzwa hapa karibu na msikiti, ni kuukuu lakini injini ni nzuri. Nikijibana nitaileta Krismasi. Nitasimama kwenye lango la Kivuti nipige honi mpaka atoke na kijiko mkononi. Mama atakuwa amekaa mbele. Ngojeni tu.

Mdogo wako,
Njura

Ishiara, 8 Machi 1987

Mpendwa Njura,

Salamu zako zimefika, na Mama amecheka hapo pa kijiko. Anatembea kwa fimbo.

Datsun usinunue. Ukileta gari, Mama atangoja honi yako badala ya ile ya Kivuti, na siku utakapooa mwanamke asiyetupenda tutashushwa mteremkoni tena. Mimi nataka Mama asingoje honi ya mtu yeyote.

Nimebadilisha mbuzi wetu wanane kwa punda wawili. Fundi ametutengenezea mkokoteni. Maji sasa tunaleta wenyewe. Yule Mbaabu anayenunua ndengu nimemsihi awe anakuja hadi uwanja wa shule, na amekubali mradi tuwe familia kumi. Tuko kumi na nne. Kina mama wale waliotazama miguu yao niliwafuata nyumba kwa nyumba. Niliwaambia, “Leo ni sisi. Kesho atawashusha ninyi.” Wakaniambia niwaandike.

Jana Kivuti alipiga honi sokoni hadi akachoka. Aliondoka na watu wawili. Nililala vizuri sana.

Dada yako,
Wambeti

Majengo, Meru, 14 Julai 1987

Dada,

Mko hai? Nimeandika barua mbili na hujajibu hata moja. Mbaabu alipita dukani akasema punda wenu mmoja alikatwa mguu kwa panga. Ni kweli? Ni Kivuti? Niambie tu nije. Huku Majengo nina marafiki wachinjaji wasioogopa mtu.

Mdogo wako,
Njura

Ishiara, 2 Agosti 1987

Mpendwa Njura,

Tuko hai, na Mama amenenepa. Nisamehe kwa kunyamaza. Ningekuandikia ungekuja na wachinjaji wako, na leo ungekuwa jela, na Kivuti angekuwa anakuletea Mama akuone, kwa gari.

Ni kweli punda alikatwa, ikabidi achinjwe. Aliyemkata sikumwona, kwa hiyo simtaji. Lakini asubuhi ile Kivuti alipita polepole na pikapu tupu akauliza, “Leo maji mtaletaje?”

Punda mmoja hawezi mkokoteni ule peke yake, kwa hiyo tulileta kwa mgongo. Wanawake kumi na wanne, siku tisa, na kila siku alipita akipiga honi. Hakuna aliyegeuza shingo. Siku ya kumi mama mmoja alitoka njia ya chini akivuta punda mzima. Alikuwa Rwamba, mke wa Kivuti. Akaniwekea kamba mkononi.

“Nimelelewa na watu wanaoogopa Mungu,” akasema. “Huyu ni wa kwetu, baba yangu amenipa. Niandike niwe wa kumi na tano.”

Alipita mbele ya gari la mume wake akiwa na mtungi mgongoni, Njura. Kivuti alizima injini. Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

Dada yako,
Wambeti

Majengo, Meru, 21 Novemba 1987

Dada mpendwa,

Hapa kwangu ni salama, na natumaini huko pia. Sijui nianzie wapi. Ile Datsun nimeichukua. Nilishindwa kuipita kila siku. Nimeipaka rangi ya kijani. Nasikia Kivuti ameuza pikapu yake, kwa hiyo sasa njia yote ni yetu. Nafika Jumamosi ya tarehe tano. Mwambie Mama avae kitambaa chake kizuri.

Mdogo wako,
Njura

Ishiara, 28 Novemba 1987

Njura,

Sisi ni wazima. Kivuti aliuza kweli. Wiki jana alikuja kuomba ndengu zake zibebwe na mkokoteni. Nilimweka wa mwisho kwenye mstari, akasimama juani tangu asubuhi hadi saa tisa. Mama alimpelekea uji. Akaniambia, “Wambeti, inatosha.” Mimi haijanitosha.

Nakupenda, wewe ni tumbo moja nami. Njoo Jumamosi, ulale, ule. Gari liache Ishiara mjini, uje kwa miguu. Likivuka mto kuja huku, sitalipanda, na nitahakikisha hakuna mwanamke wa huku atakayelipanda. Unajua sasa kwamba naweza.

Mama anafua kitambaa. Hajui nimekuandikia haya.

Dada yako,
Wambeti