Saa ya Baba Haikuwa Ukutani

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumapili asubuhi, tarehe 8 Oktoba.

Mpendwa dada,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na wale wapwa zangu, bado wanakukimbiza nyumba nzima? Sisi ni wazima. Mama mguu umempa nafuu. Siku hizi anapanda ngazi bila kulalamika, yaani analalamika akishafika juu.

Nina habari, na usicheke. Juzijuzi redio ilitangaza kwamba wanasayansi watatu wamepewa tuzo kubwa kwa kuchunguza inzi wadogo, wale wanaozunguka matunda yaliyoiva. Wamegundua jinsi saa iliyo ndani ya mwili inavyofanya kazi, ile inayotuambia tulale lini na tuamke lini. Baba aliweka kikombe chini, akaongeza sauti. Dada, alipiga makofi peke yake! Kisha akafunga aproni yake ya zamani, akaoka mikate, akampelekea jirani yetu fundi cherehani, yule aliyembandika Baba jina la Popo kwa kulala mchana. "Kula," akamwambia, "leo ni sherehe yetu sisi popo."

Nikaikumbuka ile saa ya ukutani. Baba alikuwa anarudi asubuhi kutoka kwenye tanuri alikooka mikate usiku kucha, unga mpaka kwenye nyusi, nasi tunatundika blanketi dirishani na kutembea kwa ncha za vidole. Siku moja ulipanda kwenye stuli ukarudisha mishale nyuma saa mbili nzima, ili apate kulala zaidi. Mimi nilikushikia stuli. Wapi! Saa kumi jioni, kama kawaida yake, Baba huyo katoka chumbani. Akaitazama ile saa, akasema, "Hii inaumwa," akairekebisha bila kuuliza mtu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jamani, siku zile! Nazitamani mno.

Sasa niseme lililonifanya nikae kuandika. Najua harusini ulichomwa moyo. Mzazi anaitwa azungumze, ukumbi mzima kimya, na Baba anakoroma kwenye kiti cha mbele. Miaka minne sasa hujaongea naye. Salamu zako zote zinaishia kwa Mama. Lakini ilikuwa saa nane mchana, dada. Na usiku uliotangulia alikuwa kwenye tanuri, anaoka mikate ya wageni wako. Hakukudharau hata kidogo. Wewe uliyepanda kwenye stuli ulijua kabla ya wanasayansi wote kwamba saa ya Baba haikuwa ukutani.

Amestaafu, ila mwili wake haujapata taarifa. Kila siku saa tisa usiku yuko macho, anakwenda jikoni, na kwa kuwa hakuna unga wa kukanda, anakaa tu na simu mezani. Nilimuuliza anasubiri nini. Akasema kwenu huko ng'ambo wakati huo ni jioni, huenda umeshatoka kazini.

Mama anakusalimu sana. Fundi cherehani pia, na anasema mkate ule ulimnyamazisha. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Kitinda Mimba.

N.B. Saa tisa usiku ya huku kwetu. Piga tu, hutamwamsha.