Gorogoro ya Ndengu Kwenye Tovuti ya Kaluki

Noonkopir,
Kitengela.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa kaka Kiema,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umepoa. Sisi hapa tu wazima. Mama yuko Kajiado katika ile nyumba uliyomjengea, anatembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi, na mtu akijaribu kumshika mkono anakasirika. Mvua ilinyesha vizuri mwezi wa nne. Sasa tumebaki na vumbi letu na baridi ya asubuhi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi ilhali tunapigiana simu kila wiki. Phylis, binti wa jirani yangu, anakuja huko kikazi na amekubali kunibebea mzigo mdogo. Tena mambo ninayotaka kukueleza ni marefu, na wewe kwa simu hunikatiza.

Krismasi uliniuliza kama ile kompyuta uliyomnunulia mpwa wako Kaluki inafanya kazi ama anaitumia kutazama filamu. Nilikuambia jibu litakuja. Leo ninalo.

Kaluki ametengeneza tovuti. Inaitwa Kapu la Kitengela. Unaifungua kwa simu, unaandika unachotaka, kitunguu ama unga ama ndengu, nayo inakuonyesha bei ya kila supamaketi hapa mjini na ya sisi wa vibanda sokoni, kuanzia ya chini kwenda juu. Ukichagua, unalipa kwa simu na pikipiki inakuletea mpaka mlangoni. Kila asubuhi mtoto huyu anazunguka na daftari kabla wateja hawajajaa, anauliza bei, anarudi kuziandika. Watu wa ploti mpya za kuelekea Isinya, wasiojua hata soko letu liko wapi, sasa wanakula sukuma wiki yetu.

Mwanzoni nilijivuna bila hata kuifungua. Niliwatangazia watu kanisani, nikawatangazia watu foleni ya maji. Unanijua.

Kisha mwezi wa pili nikaona wateja wa ndengu wanapungua. Unajua ndengu ndizo riziki yangu, nazitoa Makueni kwa gunia, na karo ya chuo ya Kaluki ilitoka humo. Wiki ya kwanza nilisema ni Januari imewamaliza watu. Wiki ya tatu gunia lilikuwa bado limesimama palepale. Siku moja Mama Parsaoti, ambaye amenunua kwangu miaka sita, akapita mbele ya kibanda. Nikamsalimu kwa Kimaasai kama kawaida yetu, sopa, akaitikia epa huku anaficha kitu chini ya leso. Ilikuwa pakiti ya ndengu za supamaketi. Nilipomuuliza, alinionyesha simu yake kwa huruma. Katika orodha ya ndengu mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa chini ya supamaketi zote, na chini ya Mbeke, ambaye kibanda chake kimepakana na changu na ambaye sijawahi kumkubali tangu afike.

Kaka, mtoto niliyembeba mgongoni nikiuza ndengu ameiambia Kitengela nzima kwamba mamake ni ghali. Niliona aibu, halafu hasira ikaja nyuma yake.

Jioni nilimwambia Kaluki kwamba amekosea hesabu. Yeye alikuwa amegawanya bei ya gorogoro yangu, lile kopo la kupimia, kwa mbili, kwa sababu ni la kilo mbili, akapata shilingi mia mbili kwa kilo. Pakiti ya supamaketi ni mia moja na tisini. Nikamuuliza ni lini gorogoro ya sokoni ilianza kuishia mdomoni mwa kopo. Sisi tunajaza mpaka ndengu zinafanya kilima na kuanza kumwagika, halafu tunatupia kiganja kimoja juu, ile nyongeza ambayo mteja asipopewa haondoki. Supamaketi gani inatoa nyongeza? Kaluki alikubali papo hapo. Alisema hilo hakulifikiria, kwamba amewakosea wauzaji wote wa sokoni, na kwamba atanunua gorogoro moja kwa kila kibanda na kuipima kwa mizani.

Wiki hiyo sikukaa kimya. Nilimwambia Mbeke ajiandae kuniona juu yake.

Matokeo yalitoka Jumamosi. Vibanda vyote vilipanda juu ya supamaketi isipokuwa kimoja. Mbeke akawa wa kwanza, kilo mbili na robo katika gorogoro. Mimi nilibaki palepale chini, kilo mbili kamili.

Nilimwita Kaluki kwa majina yake yote matatu. Nilimuuliza ni nani alikuja kununua kwangu, maana yeye sikumwona. Hakuinua sauti hata kidogo.

"Mama, nilituma Jackie, yule tulisoma na yeye chuo, kwa sababu humjui. Ulimjazia vizuri, halafu ukapangusa kopo na mkono. Na nyongeza hakupata."

Nilimwambia nyongeza ni ya watu wangu, akina Mama Parsaoti na watu wa kanisa. Mgeni anapata kipimo chake na anashukuru.

"Sasa mtu wa kutoka kwa tovuti ni mgeni, mama. Hakujui na humjui. Atapata ile Jackie alipata. Mimi siwezi kumwandikia ingine."

Kiema, hapo mtoto alinipata. Nilimkumbuka yule msichana. Alikuwa na kucha ndefu za rangi, nikaona huyu si wa kurudi, nikapitisha kiganja juu ya kopo na kilima chote kikarudi guniani. Sikuona kama ni kosa. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya ishirini, na Mama alifanya hivyo kabla yangu.

Siku tatu nilimpikia mtoto huku nimekasirika. Katika hizo siku nilikuwa nafikiria kitu kimoja. Kaluki angeweza kunipandisha juu kwa kubonyeza kidole. Hakuna mtu angejua, na hapa sokoni hakuna mtu angemlaumu kwa kumsaidia mamake. Gunia langu lilikuwa linakaa, na chakula chake kinatoka kwa gunia hilo. Hakubonyeza. Siku ya nne nilijikuta namtazama akinywa chai, machozi yananilengalenga, na nikajua ninajivunia mtoto huyu kuliko siku zote nilizomtangaza kanisani. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu. Alisema chai imepoa.

Tangu siku hiyo kila gorogoro inayotoka kwangu ina kilima chake na kiganja chake, awe Mama Parsaoti, awe mtu wa pikipiki ambaye hata kofia hajavua. Mama Parsaoti alinung'unika kidogo kwamba sasa tumelinganishwa na kila mtu, kisha akarudi. Kaluki anapima kila mwezi, na hanidokezi atamtuma nani. Mwezi uliopita nilitoka mkiani nikawa wa pili. Wa kwanza bado ni Mbeke, ananishinda kwa ndengu zinazojaa kijiko. Nilienda kwake nikampa mkono. Gunia sasa linaisha kwa siku nne.

Vifurushi vimeanza kufika hata Kajiado. Vinapandishwa gari la saa nne, na Tajeu wa pikipiki anavipokea steji na kuvipeleka nyumbani kwa watu. Kwa hiyo ukitaka kumnunulia Mama sukari na mafuta, fungua tovuti mwenyewe huko huko uliko, uchague. Usitegemee Kaluki akupunguzie kwa sababu ulinunua kompyuta. Nimemuuliza, amekataa.

Baba Kaluki anakusalimu sana. Kaluki anakusalimu na kukushukuru. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina. Hata Mbeke aliposikia nakuandikia alisema nikusalimie, na unaona nimeandika. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako, akupe afya, na akurudishe Desemba tukuone kwa macho.

Ule mzigo aliobeba Phylis ni gorogoro moja ya ndengu. Sikukuongezea hata punje eti kwa sababu wewe ni kaka yangu. Nimekupimia vile sasa nampimia mtu nisiyemjua, na kilima chake na kiganja chake. Tafuta mizani huko, uzipime.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mukonyo.