Foleni Iliyorudi Nyuma

Anderlecht, Brussels

Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii. Magoti yanaendeleaje? Na kuku wako, mwizi hajawamaliza? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa.

Shangazi, ile safari ya kwenda kwa mama Amerika haipo tena. Najua utashtuka, maana juzijuzi tu nilikupigia simu kwa vigelegele.

Ngoja nikueleze, wasije wakasema huko nyumbani kwamba nimeharibu karatasi. Mama aliponiombea visa ya kuhamia kwake, nilipewa tarehe, yaani siku faili ilipofunguliwa. Kila mwezi wanatangaza foleni imefikia tarehe gani. Bon, visa za mwaka zina kikomo. Wakiona waliojitokeza ni wachache, wanaisogeza mbele. Halafu watu wanajaa kuliko walivyodhani, visa zinakaribia kuisha, nao wanairudisha nyuma. Ni kama harusini: meza za nyuma zinaitwa zije kupakua, kumbe sufuria inaelekea kuisha, mnaambiwa rudini mkakae. Foleni ilikuwa imebakiza kidogo tu kunifikia. Sasa imerudi nyuma miaka.

Na mimi na mdomo wangu! Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kama mwenye visa mkononi. Wakaimba, wakaniombea safari njema. Nikagawa blanketi, sufuria, hata pasi, kama tunavyofanya kwetu mtu akiondoka. Sufuria kubwa alichukua Maman Aline, ninayesuka naye wateja nywele kule Matonge, mtaa wetu Waafrika. Niliporudi saluni ilhali nilikwisha kuaga, akaniuliza, "Alors, Furaha, bado uko?" Nilitamani ardhi inimeze. Kumdai sufuria naona haya, donc napikia ya kuazima.

Hayo ni madogo. Sharti unalijua: mama bado si raia wa kule, kwa hiyo nikiolewa faili inakufa. Ndiyo sababu nimemsubirisha Pascal na ukoo wake miaka yote hii. Na figo za mama zimechoka, anaishi kwa mashine. Visa ya kumtembelea tu walininyima, wakasema huyu nia yake ni kuhamia. Nikisubiri, umri wa kuzaa unanipita. Nikiolewa, namkosa mama.

Jumapili nilimpigia kumwambia nitaendelea kusubiri. Akasema, "Furaha, olewa. Mimi utanizika kwenye simu, kama wenzako wanavyowazika mama zao."

Nimelia, Shangazi, mpaka sauti imekauka.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, na bibi yetu anayeshinda akimgombeza, na dada mwalimu pamoja na wanawe.

Watu wa Pascal wakija tena kuuliza habari ya mahari, usiwaambie mtoto anangoja karatasi. Wapokee. Mama amekubali, na mimi nimekubali kwamba sitamwona tena.

Mtoto uliyemlea,
Furaha