Runinga ya Koo Langu

Dada Tamanda,

Blantyre nzima hakuna mwenye bahati kama kaka yako! Ugali wetu wa nsima ulipokataa kushuka nilikwenda hospitali, na madaktari walikusanyika kulishangaa koo langu, safi kama la mtoto mchanga.

Aliyenipima ni binti anayejifunza, Daktari Tiyamike.

"Usiogope, anko. Wenzetu wa zamani walianza kujifunza kwa wagonjwa. Sisi tumeanzia kwenye koo la plastiki."

"Na baada ya hilo la plastiki?"

"Ni wewe, anko."

Nikacheka, nikameza mpira wao mwembamba wenye taa na kamera. Mimi niliyefika Johannesburg sijawahi kuona nchi kama ile niliyoiona kwenye runinga yao: pango jekundu linalopumua, na taa inatembea humo peke yake. Binti akaipitisha taa mbele. Mwalimu wake akanong'ona, "Rudi nyuma. Tazama tena pale."

Taa ikarudi. Pembeni kulikuwa na kitu cheupe kimekaa kimya, kana kwamba kilikuwa kikitusubiri. Binti akausimamisha mpira, nikausikia ukisita ndani ya kifua changu.

Shemeji hajambo? Mahindi yamekomaa?

Kaka yako,
Wongani

Tamanda, nimekudanganya. Koo langu si safi. Njoo.