Uzi wa Juu Hatuukazi

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoacha nusu kikombe cha chai kwenye dirisha la sebuleni, ukasema unapumzisha macho kidogo, na hukuyafumbua tena. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Mama alikisoma cheti, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye droo ya vyeti vyetu vya kuzaliwa, kwa kuwa nyumba haikuwa na droo nyingine ya vitu vya namna hiyo.

Waliokufahamu kazini walikuita Bwana Gramu. Kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa mkaguzi wa mizani. Uliingia dukani na sanduku lako la mawe ya kupimia, ukaweka jiwe moja, ukainama mpaka pua ikakaribia kugusa mshale, ukanyamaza. Kisha ama ulibandika ile stika nyeupe, IMEKAGULIWA, IMEPITA, ama uliifunga mizani kwa waya na lakiri ukaondoka bila kuongeza neno. Siku ya msiba muuza nyama mmoja alitujia akasema, "Mzee wenu alinifungia mizani mara tatu. Mara ya nne akanipa stika, nikajiona kama nimehitimu chuo." Alikuwa analia. Hatukujua kwamba kuna watu wanaowalilia wakaguzi.

Nyumbani ulikuwa yuleyule. Ulipotukatia tikiti maji, vipande vilitoka sawasawa kiasi kwamba hatukuwahi kuonja raha ya kugombania kikubwa. Lakini pia ni wewe uliyemchorea bibi muuza mboga mistari minene myekundu kwenye mizani yake, macho yake yalipoanza kufifia, ukaenda kuipaka upya rangi kila ilipofutika. Wakati huo ulikuwa umeshastaafu. Tuliambiwa na yeye mwenyewe, maana wewe hukutwambia.

Ulipostaafu, wenzako ofisini walikuuliza unataka zawadi gani. Walishatajiana kiti cha kupumzikia. Ukasema unataka ukulele. Mmoja wao alimpigia Mama simu kwa siri kuuliza kama mzee yuko salama. Mama akamwambia, "Mleteeni. Amekuwa akiitazama miaka kumi." Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya mizani ya duka moja la vifaa mchanganyiko, nawe kila ukaguzi ulikuwa unainua macho kutoka kwenye mshale na kuiona pale, gitaa dogo la nyuzi nne, kama gitaa la kweli ambalo halijakua.

Ikaletwa pamoja na kijitabu cha wanaoanza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, ila mkao wa kwanza wa vidole kwenye kijitabu ulitaka kidole kimoja tu, na hicho kimoja kilikusumbua wiki mbili. Wa pili ulitaka viwili. Wa tatu ulitaka vitatu vilivyokaa pembetatu, na hapo ndipo vidole vyako, vilivyozoea kushika mawe ya gramu tano kwa kibano, vilipogoma kabisa. Ulikata kucha za mkono wa kushoto hadi kwenye nyama. Kila saa kumi na moja jioni ulikaa kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya sanduku la mawe, ukahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ulikuwa unajifunza wimbo mmoja tu, ule wa kubembelezea ambao Mama alitulazia sisi sote watatu.

Sasa tuseme lile la uzi wa juu, maana ndilo lililotuandikisha haya.

Kwenye ukulele, uzi ule ulio juu kabisa, karibu na kidevu cha mpigaji, una sauti nyembamba kuliko wa pili yake. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kijitabu kilisema hivyo ukurasa wa nne. Wewe uliona haiwezekani. Vitu hupangwa kuanzia kizito kwenda chepesi, kama mawe kwenye sanduku. Ukachukua kalamu nyekundu, ukaandika pembeni ya ukurasa KOSA LA UCHAPAJI, ukaulegeza uzi wa juu mpaka sauti yake ikashuka chini ya nyingine zote. Halafu ukageuza ukulele, ukabandika stika mgongoni. Imekaguliwa. Imepita.

Uzi ulikuwa umelegea mno. Kila ulipopita juu yake, uzi huo ulipiga shingo ya ukulele kofi, ukakoroma. Mama, aliyekaa miaka ishirini na sita mezani pa simu za ofisi, akimjua mtu kwa pumzi kabla hajasema halo, alikwambia siku ya kwanza.

"Baba watoto, huo uzi wako unalia kama kopo."

"Utazoea."

"Mimi nitazoea. Na kijitabu?"

"Mizani haibembelezwi, mama watoto. Kijitabu kimekosea."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jirani yetu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anayekaa upande wa pili wa ukuta, naye hakuvumilia. Kila uzi ulipokoroma sana aligonga ukutani kwa mwiko, mara tatu. Nawe bila kuacha kupiga ukaitikia kwa sauti ya ofisini, "Malalamiko yamepokelewa!" Hivyo ndivyo jioni zetu zilivyokuwa kwa miezi tisa. Ulikuwa hujafika mwisho wa wimbo. Ulitukataza kukurekodi mpaka ufike, ukasema mtu harekodi mtihani wa majaribio. Tulikutii, na tunajuta.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, Dada mkubwa aliichukua ukulele akaipeleka kwa fundi magitaa. Alitaka kumfurahisha Mama. Fundi aliipangusa, akaijaribu, akacheka kidogo, akaukaza uzi wa juu mahali pake panapostahili. Dada akairudisha inang'aa, akamwekea Mama mapajani.

Mama akapitisha dole gumba juu ya nyuzi zote nne. Ilitoka sauti safi, nzuri, ya kuuzia dukani. Akapitisha tena.

"Hii siyo yake," akasema.

"Ndiyo hiyohiyo, Mama. Imesawazishwa sauti tu. Ilikuwa mbovu."

"Nani kakwambia ilikuwa mbovu?"

"Mama, hata wewe ulikuwa unamwambia! Baba alikosea uzi."

Mama akaigeuza, akamwonyesha stika. "Imekaguliwa, imepita. Wewe na fundi wako ni nani mpaka mvunje lakiri ya mtu?"

Dada alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akamwangalia Mama usoni na kicheko kikamkauka. Tulikuwepo wote. Ndipo tulipoelewa kwamba picha zako tunazo, shati lako la kazini lipo, hati yako ipo pembeni ya ukurasa wa nne, lakini ile sauti ya saa kumi na moja ilikuwa ndani ya uzi mmoja uliolegea, na tumeukaza kwa mikono yetu. Dada alirudi mbio kwa fundi. Fundi akamwambia kweli tupu: ameshaukaza, hana alama, na ulegevu wa mtu haupimwi.

Mama aliulegeza mwenyewe kesho yake. Akaugonga kwa kidole. Ulikoroma, lakini si koromo lako. Akaulegeza zaidi, ukanyamaza kabisa kama kamba ya kuanikia nguo. Akaukaza kidogo. Sote tulisikiliza na kila mmoja akawa na lake. Kitinda mimba alisema karibu, Dada akasema chini zaidi, mimi wa kati nikasema ndiyo hapo. Mama akatutazama kama alivyokuwa akiwatazama wapiga simu waliodai ni jamaa wa mkurugenzi.

"Nyinyi mlikuwa mnasikia kelele," akasema. "Uzi hauongei peke yake. Alikuwa anaukuta akitoka kwenye mkao wa kwanza kwenda wa pili, mkono ukiwa na haraka. Hapo ndipo ulipokuwa unapiga kofi. Asiyeupiga wimbo hawezi kuusikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nipeni hicho kijitabu."

Alikuwa na miaka sitini na mitatu na hajawahi kushika chombo chochote cha muziki zaidi ya kengele ya mapokezi. Alijikata kucha. Ncha za vidole zikavimba, zikachubuka, zikaota ngozi ngumu, akatuonyesha kwa fahari kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Wiki ya kwanza alikuwa anaibana shingo ya ukulele kwa nguvu mpaka Dada akamwuliza kama anaikaba. Mkao wa pembetatu ulimtesa kama ulivyokutesa wewe. Tofauti ni kwamba wewe ulikaa kimya ulipokosea, na yeye anatukana. Maneno hayo, Baba, hatukujua kwamba anayajua.

Dada mkubwa alikuja kila jioni baada ya kazi. Hakuwa anapiga. Alikaa kwenye mkeka karibu na sanduku la mawe akamshikia Mama kijitabu. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Ila tunamjua, hata chai alikuwa anakunywa kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

Mwezi wa saba Mama alianza kuutafuta uzi. Kila jioni saa kumi na moja alizungusha kishikio cha kukazia kiasi cha nusu punje ya mchele, akapiga wimbo tangu mwanzo mpaka pale ulipokuwa unakwama, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bado." Jioni nyingine ikaja. "Bado." Uzi uliolegea hautulii mahali, joto likipanda unateleza, kwa hiyo mahali alipoishia jana palikuwa si hapo tena. Kitinda mimba alishauri anunue kile kifaa cha kupimia sauti. Mama akamwuliza, kitapima nini, wakati kinajua sauti sahihi tu?

Na jirani yetu hakugonga. Tangu siku ya msiba mwiko wake haukugusa ukuta hata mara moja, ingawa Mama alikuwa akipiga vibaya kuliko wewe. Tukikutana naye ngazini anauliza hali, anasema pole, anapita. Alikuwa anatuheshimu. Nasi tulishukuru.

Kufikia mwezi wa kumi na moja Mama alikuwa ameanza kuchoka. Hakusema, lakini siku moja aliianza saa kumi na moja na nusu, siku nyingine hakuianza kabisa. Mara moja tulimkuta ameishika tu mapajani, akatwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nadhani nimeshamsahau." Dada alitoka nje akasimama ngazini muda mrefu. Hiyo ndiyo jioni mbaya kuliko zote za mwaka huu, Baba, mbaya kushinda siku ya kukuzika. Siku ile ulikuwa umeondoka. Siku hii ulikuwa unaondoka.

Jumanne ya wiki iliyopita alikaa tena. Hakuzungusha kitu. Alisema uzi utakuwa pale ulipoteleza wenyewe, yeye anataka kupiga tu. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Akapita mkao wa kwanza, mkono ukawa na haraka, akauvamia wa pili, na uzi wa juu ukapiga kofi, ukakoroma.

Ukutani kukagongwa. Mara tatu.

Mama aliacha kupiga. Dada aliangusha kijitabu. Kisha tukasikia mlango wa jirani, halafu mlango wetu, na Mwalimu akaingia na mwiko mkononi, machozi yameshamtoka.

"Nisamehe, jirani. Nisamehe sana. Nilikuwa jikoni, nikasikia, mkono ukaenda wenyewe. Nilisahau. Wallahi nilisahau kwamba hayupo."

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba penseli, na Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alimpa. Mama akachora mstari mwembamba kwenye kishikio na mwingine kwenye mbao, mistari miwili inayokutana, kama unavyojua wewe mistari inavyopaswa kukutana. Akampa Dada penseli na kumwambia akoleze, mkono wake una nguvu zaidi. Dada akakoleza huku akilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Rudi kwako, Mwalimu," Mama akasema.

"Unanifukuza?"

"Rudi kwako, usimame jikoni, halafu ugonge tena."

Mwalimu akarudi. Mama akahesabu, akapiga tangu mwanzo. Uzi ukakoroma palepale. Ukuta ukagongwa mara tatu, na Mama, bila kuacha kupiga, akainua uso kuelekea ukutani, akaitikia kwa sauti yako ya ofisini, "Malalamiko yamepokelewa!"

Akapita pale ulipokuwa unakwama, akaumaliza wimbo.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mpiga ukulele. Binti yako mkubwa, mtunza penseli. Mimi wa kati na kitinda mimba wako. Wakwe zako wawili. Wajukuu zako wanne, ambao wamekatazwa kugusa kishikio cha juu. Na jirani yako wa ukutani, aliyeomba mwenyewe aandikwe pamoja na familia.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, na uzi wa juu hatuukazi.